Kapolowe: Mgonjwa akipayuka, tuulize kilo zake mbele ya kusema uchawi

Hapa Kapolowe, mgonjwa mahututi akianza kupayuka usiku na kung'oa serum, jamaa wengi wanasema: amerogwa. Mimi ninasema muite muuguzi mara moja. Malaria kali, kukosa hewa, hata dawa za usingizi zinaweza kuvuruga akili ghafla. Na dawa nyingi zinahesabiwa kwa kilo: artesunate ya sindano ni miligramu 2.4 kwa kila kilo, na 3 kwa mtoto wa chini ya kilo 20. Aliyekonda akikisiwa kilo 60 kumbe ana 45, dawa ya usingizi inaweza kumzidi. Watoto wachanga tunawapima, wakubwa je? Wakaaji, mgonjwa angali anasimama, ombeni apande mizani. Akishindwa, mwambieni muuguzi kilo zake za mwisho mnazozijua.