Hesabu za Likasi Zifike Kamatanda

Alfajiri Kamatanda, kabla jua halijapanda, wanawake wanaouza unga wa mahindi, mkaa na samaki wakavu huwa wamekwisha kutandika bidhaa zao kando ya barabara. Mtoza kodi naye hachelewi. Anapita na kitabu chake cha risiti, anapokea franka, anachana kikaratasi, anamwendea mwingine. Mama anakikunja kikaratasi kile na kukifunga kwenye pindo la kitenge, na ikifika jioni kimelowa jasho hata namba yake haisomeki. Mpaka hapo, safari ya fedha ya umma inaonekana kwa macho. Ikishavuka kona ya barabara pamoja na mtoza kodi, yule mama hana tena njia ya kuifuata.

Kamatanda iko pembezoni mwa mji wa Likasi, kilomita zipatazo 120 kutoka Lubumbashi, na ardhi yake ina shaba na kobalti. Wachimbaji wadogo wameyafukua mawe yake kwa miaka mingi, wakiyatoa shimoni kwa nguvu za mikono na kuyabeba ndani ya magunia. Katika mji huohuo, kiwanda cha Shituru kilianza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929. Utajiri huu unajulikana dunia nzima, lakini anayeishi juu yake akiuliza mji wake ulipata kiasi gani mwaka jana, huzungushwa kutoka mlango hadi mlango.

Hii ndiyo sababu mji wa Likasi unapaswa kuwa na programu ya kompyuta ya kuweka bajeti hadharani, na kuwa nayo bila kungoja Kinshasa. Miji mingi duniani inayo. New York ilifungua tovuti yake iitwayo Checkbook NYC mwaka 2010, ambako raia anaona malipo ya mji wake na jina la aliyelipwa. Likasi haina utajiri wa New York, lakini ina jambo linaloifanya kazi hii iwe ya haraka zaidi kuliko huko, nalo ni sheria ya madini.

Sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018 iliugawa mrabaha wa madini katika mafungu manne. Asilimia 50 inakwenda serikali kuu, 25 jimboni, 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo, na asilimia 15 inalipwa moja kwa moja kwa mji, komini, sekta au utemi ambamo uchimbaji unafanyika. Tuchukue mfano. Kampuni ikiuza shaba ya dola milioni 100, mrabaha wake kwa kiwango cha asilimia 3.5 ni dola milioni 3.5. Asilimia 15 ya hizo ni dola 525,000. Kobalti, ambayo serikali iliitangaza kuwa madini ya kimkakati mwezi Novemba 2018, inatozwa asilimia 10, kwa hiyo fungu lake ni kubwa zaidi. Tena kuna angalau asilimia 0.3 ya mauzo ya mwaka ambayo kampuni inapaswa kuitenga kwa miradi ya wananchi walioizunguka. Katika mfano wetu, dola 300,000 nyingine.

Kwa fedha za namna hiyo mtaa unapata visima, madarasa na mfereji wa kuondoa maji ya mvua. Ni fedha zinazoingia kwenye akaunti ya benki kwa tarehe maalumu, zikitoka kwa kampuni yenye jina. Kuziandika kwenye ukurasa unaosomwa na kila mtu ni kazi ya dakika chache kwa mhasibu mmoja. Kinachokosekana ni uamuzi wa kufanya hivyo.

Wapo watakaosema kwamba hesabu hizi tayari zinatolewa. Kweli, Congo ilijiunga na mpango wa uwazi wa sekta ya madini, ITIE, mwaka 2005, na ripoti zake zina takwimu ambazo zamani hakuna raia aliyeziona. Kazi hiyo inastahili heshima. Lakini ripoti yenyewe ni kitabu kinene cha Kifaransa, kinachotoka wakati mwaka unaozungumziwa umekwisha kupita. Mama wa Kamatanda anataka kujua ya mwezi uliopita, tena kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya 2006 inakitaja katika ibara yake ya kwanza kuwa moja ya lugha nne za taifa.

Na nani mwingine amuulizie? Sheria ya Oktoba 2008 kuhusu mamlaka za chini iliweka mabaraza ya kuchaguliwa, ili bajeti ijadiliwe na wajumbe wa wananchi. Uchaguzi wa kwanza wa madiwani wa komini chini ya sheria hiyo ulifanyika Desemba 2023, miaka 15 baadaye, tena katika sehemu chache tu za nchi. Meya anateuliwa. Pale ambapo hakuna diwani wa kusimama barazani na kudai maelezo, ukurasa ulio wazi ndio unaobaki kuwa jicho la raia.

Ugumu wa kudai hesabu hapa kwetu una historia yake pia. Union Minière, na baada ya kutaifishwa mwaka 1967 kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines, ilimpa mfanyakazi nyumba, shule ya watoto, hospitali na hata unga. Mtu hakuuliza bajeti ya mji, maana kampuni ilikuwa baba. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 kwa maneno yanayowaeleza wana wa Shaba kama watoto waliotelekezwa na baba yao. Katika miaka ya 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango uliosimamiwa na Benki ya Dunia, wengine wakiwa na miezi mingi ya mishahara ambayo hawakulipwa. Baba aliondoka, na mazoea ya kungoja kupewa yakabaki nyumbani. Leo mtoaji ni mji, na unachotoa ni haki ya wananchi, kwa hiyo wana kila sababu ya kuuliza.

Hata nchini mwetu jambo hili limewahi kujaribiwa. Kuanzia mwaka 2010 jimbo la Kivu Kusini, likisaidiwa na Benki ya Dunia, liliendesha bajeti shirikishi kwa njia ya simu. Wakazi wa komini za Bukavu, na watu wa utemi wa Luhwindja kwenye machimbo ya dhahabu, walipokea ujumbe mfupi wa kuwaalika mkutanoni. Walichagua kipi kianze kati ya barabara, maji na shule, kisha wakaletewa habari ya kilichoamuliwa. Simu zenyewe zilikuwa zile ndogo za vibonye, bila intaneti. Baadhi ya komini ziliona kodi ikiongezeka, kwa sababu mtu aliyekwisha kuona daraja limejengwa halipi kwa kinyongo.

Tanzania ilipita njia nyingine. Tangu mwaka 2017 malipo ya serikali yamekuwa yakiingizwa katika mfumo mmoja. Anayelipa hupewa namba ya malipo, hulipa kwa simu au benki, na fedha huingia akauntini bila kupita mfukoni mwa mtu. Mwaka huohuo ulianza mfumo wa hesabu unaofika hadi shule ya msingi na zahanati ya kijiji, kila kituo kikiandika kilichopokea na kilichotumia. Kwa Likasi, fundisho kubwa liko hapa: kile kikaratasi kinacholowa jasho kinaweza kuwa namba kwenye simu. Kamatanda yote inaijua M-Pesa na Airtel Money, na mama akishindwa kulipa mwenyewe, kijana wa kabini ya simu atamsaidia.

Lakini programu peke yake si tiba, na anayeiuza kama tiba anawadanganya viongozi wa mji. Kenya ilizindua tovuti yake ya takwimu huria Julai 2011, Rais Mwai Kibaki mwenyewe akiwapo, na Afrika nzima ikasifu. Baada ya miaka michache takwimu nyingi zilikuwa zimechakaa, kwa sababu wizara hazikuleta mpya. Mwaka 2015 nchi hiyohiyo ikatikiswa na kashfa ya shilingi milioni 791 za Huduma ya Vijana kwa Taifa. Fedha hizo zilipita ndani ya mfumo wa kompyuta wa serikali, na mjadala ukageukia nywila za maofisa. Malawi nayo, mwaka 2013, iligundua kwamba watu waliokuwa ndani ya mfumo walikuwa wakilipa fedha kisha wakizifuta alama za malipo. Mashine inaandika kile mtu anachoiingizia. Ikiwa mwenye funguo ni mmoja na hakuna wa nje anayeona, wizi unakuwa mwepesi kuliko enzi za daftari.

Tofauti huletwa na macho ya walio karibu na fedha, na ushahidi bora wa hilo haukuhitaji hata kompyuta. Nchini Uganda, watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ya shule za msingi kati ya 1991 na 1995, wakakuta kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ndiyo iliyofika shuleni. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Wataalamu wengine wamesema mageuzi mengine ya wakati ule yalichangia pia, na ni haki kulitaja hilo. Hata hivyo, picha ya mzazi anayesoma karatasi iliyobandikwa kwenye ukuta wa shule, kisha akamgeukia mwalimu mkuu na kumuuliza, ndiyo inayopaswa kuwa mezani siku mji wa Likasi utakapozungumza na mafundi wa programu.

Basi mkataba wa kununua programu hiyo uandikwe kwa kumfikiria msomaji wa Kamatanda. Lugha yake iwe Kiswahili sambamba na Kifaransa. Umeme hukatika, na vifurushi vya intaneti ni ghali kwa anayeishi kwa franka za siku. Kwa hiyo kila takwimu inayowekwa mtandaoni itumwe pia kwa ujumbe mfupi, isomwe redioni, na ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Kampuni inayolipa ipewe ukurasa wa kuandika ilicholipa, na mji ukurasa wa kuandika ulichopokea, ili namba hizo mbili zikae ubavu kwa ubavu na zikipishana kila mtu aone. Nani aliingiza malipo na nani aliyabadilisha, na saa ngapi, vibaki vimeandikwa bila uwezo wa kufutwa. Kaunti ya Makueni nchini Kenya, iliyowahi kuongozwa na Gavana Kivutha Kibwana, ilifika hatua ya kuiweka hata mikataba yake mtandaoni, baada ya kuwazoesha wanakijiji kwanza kukaa katika kamati za maendeleo na kukagua kazi wenyewe.

Kwa kuanzia, hata programu haihitajiki. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Januari. Kabla ya siku hiyo, ofisi ya meya inaweza kubandika karatasi moja Kamatanda yenye mambo manne: mrabaha ulioingia mwaka huu na jina la kila kampuni iliyolipa, kodi iliyokusanywa kwa wafanyabiashara wa mtaa, kiasi kilichotumika ndani ya Kamatanda, na kazi iliyofanywa. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye kimo cha macho, kwa herufi kubwa, kando ya barabara ile ambako mtoza kodi hupita asubuhi na kitabu chake cha risiti.