KAZI ZA MIKONO: Mwanagenzi wa Sonara

Mtu atokaye Ngome ya Yesu, ambayo Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, akaingia Mji wa Kale wa Mombasa, hushika barabara iitwayo Ndia Kuu. Jina hilo ni la Kimvita, kwa maana Wamvita husema "ndia" pale wengine wasemapo "njia". Katika barabara hiyo na vichochoro vyake masonara wamefua dhahabu na fedha kwa vizazi vingi. Wengi wao asili yao ni Bara Hindi, na hata neno "sonara" lilitoka huko. Wiki hii twapenda kuwaeleza wasomaji jinsi kijana ajifunzavyo kazi hiyo, kwa kuwa wazazi wengi huuliza: Je, yafaa mtoto aliyemaliza shule akae miaka kadha chini ya fundi, hali wenzake wamekwisha kupata mshahara?

Mwanagenzi hapewi dhahabu siku ya kwanza. Hupewa kipande cha shaba, msumeno mwembamba kama uzi, tupa na nyundo. Hukata, husugua na kufua mpaka mkono utulie. Hapo hujifunza jambo la ajabu: madini, kadiri yafuliwavyo, ndivyo yazidivyo kuwa magumu, na mwisho hupasuka. Sharti yarudishwe motoni yapate kulainika, kisha yafuliwe tena. Baadaye hufundishwa kuvuta waya katika bamba la chuma lenye matundu, kutoka tundu kubwa hata dogo, mpaka waya uwe mwembamba wa kusukia mkufu.

Kazi iliyo ngumu kuliko zote ni kutia lihamu. Fedha safi huyeyuka kwa joto la nyuzi 962 za Sentigredi, na dhahabu safi kwa nyuzi 1,064. Lihamu huchanganywa ili iyeyuke mapema kidogo kuliko pambo lenyewe. Basi nafasi iliyopo kati ya kuunga kipini na kukiharibu kabisa ni ndogo sana, wala hakuna kitabu kiwezacho kumpa kijana jicho la kuitambua rangi ya moto. Jicho hilo hupatikana kwa kukaa karibu na fundi na kutazama kila siku.

Lakini asidhani mtu kwamba masomo ya shule hayana faida hapa. Dhahabu safi ni ya karati 24, nayo ni laini mno kwa kuvaliwa kila siku. Mteja akileta gramu 11 za dhahabu safi, akataka kikuku cha karati 22, fundi huongeza gramu 1 ya shaba au fedha, zikawa gramu 12. Pambo la karati 18 lenye uzito huo huo lina dhahabu safi gramu 9 tu. Kijana asiyejua hesabu hizi atamdhulumu mteja au atajidhulumu mwenyewe. Pia yampasa kujua tola, kipimo cha Kihindi kilicho karibu gramu 11.7. Wazee walijua na riale za Maria Theresa, zenye tarehe ya 1780, ambazo mafundi wa Oman waliziyeyusha kufanyia mapambo. Fedha yake ilikuwa sehemu 833 katika 1,000.

Juu ya yote ni uaminifu. Mali iliyo mbele ya sonara kwa kawaida si yake, ni amana. Hata vumbi la tupa hukusanywa, na huko India wako watu ambao kazi yao ni kununua takataka zilizofagiwa madukani mwa masonara na kuzitoa dhahabu. Katika mji wa London sheria ya mwaka 1300 iliamuru vyombo vya fedha vikaguliwe na kupigwa alama ya kichwa cha chui, ili mnunuzi asidanganywe. Kwa desturi ya zamani mwanagenzi wa huko alitumika miaka saba. Yaonekana basi kwamba kungoja si desturi ya pwani hii peke yake.

Hata hivyo, mzazi asimkabidhi mtoto kwa maneno matupu. Wapo mafundi wamfanyao mwanagenzi mtumwa wa kuchota maji na kufagia, mwaka hata mwaka, bila ya kumfundisha neno. Heri muda, posho, na kazi atakazofundishwa ziandikwe mapema, na pande zote mbili zitie sahihi. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ya Kenya yautambua mkataba wa uanagenzi wa namna hiyo.

Sisi tushikao kalamu tumezoea kudhani kwamba elimu huishia mezani pa karani. Lakini karani akiacha kazi, meza hubaki kwa mwenye ofisi. Sonara akihama, ustadi wake huenda naye. Wahenga walisema kwamba chanda chema huvikwa pete. Nasi twaongeza: mkono uliofua pete hiyo nao wastahili heshima, maana haukuipata ila kwa subira.