Gazeti lililojiita «L'Impartial»: fundisho kutoka China

Mwaka 1902, katika mji wa bandari wa Tianjin, kaskazini mwa China, kulizaliwa gazeti lenye jina Ta Kung Pao. Mwanzilishi wake, Ying Lianzhi, alikuwa Mkatoliki wa kabila la Wamanchu. Pembeni ya jina la Kichina gazeti lilibeba pia jina la Kifaransa, ambalo msomaji wa Goma, Bukavu ao Bunia analielewa bila kutafsiriwa: L'Impartial. Yaani, gazeti lisiloegemea upande.

Zaidi ya miaka 120 imepita na gazeti hilo bado linatoka, siku hizi Hong Kong. Lakini anayelisoma leo halisomi akitafuta asiyeegemea upande. Analisoma kwa kutaka kujua Beijing inawaza nini na inamkasirikia nani. Namna gani gazeti lililoanza na jina lile lilifika hapo? Kwetu, ambao kila asubuhi tunauliza ni radio gani ya kuamini kuhusu vita, swali hilo si la Wachina peke yao.

Wengi watajibu haraka: lilinunuliwa. Jibu hilo ni kweli nusu tu. Ndiyo, mwaka 1916 Ying aliliuza kwa Wang Zhilong, mfanyabiashara aliyekuwa na uhusiano na kundi la Anfu, wanasiasa waliokuwa karibu na Japani. Gazeti likawa sauti ya kundi hilo. Kundi lilipoanguka, gazeti nalo likapoteza nguvu, na mwaka 1925 likafunga milango. Hiyo ni hadithi tunayoijua vizuri: mwenye makuta anasema, mwandishi anaandika.

Mambo yaliyofuata ndiyo yanayotufundisha zaidi. Mwezi wa 9 mwaka 1926, wanaume watatu walilifufua: Wu Dingchang, mtu wa banki, Hu Zhengzhi, aliyesimamia kazi, na Zhang Jiluan, mwandishi mkuu. Wu alitoa yuan 50.000, na wakapatana wasichukue pesa kutoka kwingine, ili asiwepo mwanasiasa wa kuja kuwadai. Katika toleo lao la kwanza walitangaza ahadi nne: bila chama, bila kujiuza, bila faida ya binafsi, bila upofu. Ile ya nne inanigusa zaidi. Walisema kwamba kufuata kelele za watu bila kufikiri, hata kama hujalipwa, nako ni kupoteza uhuru.

Je, walikuwa watakatifu? Hapana. Zhang Jiluan alikuwa karibu sana na Chiang Kai-shek, kiongozi wa chama cha Kuomintang kilichotawala China. Wu mwenyewe aliingia serikalini kama waziri mwaka 1935, akaacha nafasi yake ya gazetini. Vita na Japani vilipoanza mwaka 1937, gazeti lilisimama wazi upande wa nchi yake. Shanghai ilipotekwa, wakubwa wa gazeti walifunga toleo la huko kuliko kukubali Wajapani wasome na kukata habari zao kabla ya kuchapa. Wakabeba mizigo yao: Hankou, Chongqing, Hong Kong, Guilin. Basi, gazeti hilo lilikuwa na upande, na kila mtu aliujua.

Lakini tazama lililotokea mwezi wa 2 mwaka 1943. Katika jimbo la Henan kulikuwa na njaa kubwa. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba iliua watu kati ya milioni 2 na 3. Mwandishi kijana wa Ta Kung Pao, Zhang Gaofeng, alifika kule, akaona watu wanakula majani na maganda ya miti, huku serikali ikiendelea kuwadai kodi ya nafaka. Akaandika alichokiona, na gazeti likachapa. Kesho yake mkuu wa wahariri, Wang Yunsheng, akaandika makala iliyolinganisha taabu ya Henan na maisha ya raha ya wenye pesa wa Chongqing, mji wa serikali wakati wa vita. Serikali ya Chiang, rafiki wa gazeti, ililisimamisha kwa siku tatu. Mwandishi wa habari ile alikamatwa.

Nchi ilikuwa vitani. Ingekuwa rahisi kusema: «Tusubiri kwanza adui aondoke. Habari ya njaa itawafurahisha Wajapani.» Maneno ya namna hiyo tunayasikia hata hapa kwetu kila mara mtu anapouliza mishahara ya askari imekwenda wapi, ao nani aliyepora duka la mkaaji. Ta Kung Pao ilikataa kusubiri. Kwangu mimi, siku zile mbili ndizo zililipa gazeti haki ya kuitwa L'Impartial. Halikuwa halina upande. Liliweza kuandika ukweli unaouma upande wake.

Baada ya vita na Japani, Kuomintang na Wakomunisti wakapigana wao kwa wao. Gazeti lilijaribu kusimama katikati. Mwaka 1946 lililaumu Wakomunisti kwa mapigano ya Changchun, na gazeti lao likajibu kwa ukali. Lililaumu pia serikali, na watu wa serikali wakasema limejiuza kwa Wakomunisti. Kila upande uliliita adui. Mwisho wa mwaka 1948, Wang Yunsheng, akiona ushindi unaelekea wapi, alipita Hong Kong na kwenda kujiunga na Wakomunisti. Mwezi wa 6 mwaka 1949 toleo la Shanghai likatangaza kwamba limezaliwa upya, likalaani historia yake lenyewe.

Tuangalie vizuri hapo. Hakuna aliyefika na bahasha ya pesa mwaka ule. Yaliyolishinda gazeti ni uchovu, hofu, hasira kwa serikali iliyooza, na matumaini ya kweli kwamba wapya wangekuwa bora. Toleo la China bara liliishi hadi mwaka 1966, likazimika katika Mapinduzi ya Utamaduni. Toleo la Hong Kong liliendelea chini ya utawala wa Waingereza, nao mwaka 1952 walilipeleka mahakamani kwa uchochezi na kulifunga kwa muda mfupi. Mwaka 2016 liliunganishwa na Wen Wei Po, gazeti lingine la upande wa Beijing, katika kampuni moja. Mwaka 2021 Apple Daily, gazeti kubwa lililopinga Beijing, lilifungwa baada ya wakubwa wake kukamatwa na pesa zake kuzuiliwa. Ta Kung Pao halikulitetea, kwani lilikuwa kati ya waliolishambulia kwa miaka.

Sisi tunapenda kulaumu coupage, na ni haki kuilaumu. Mkono mtupu haulambwi, na mwandishi asiye na mshahara ataupokea mkono wa yeyote. Lakini historia hii inaonyesha kwamba pesa ni mlango mmoja tu. Kuna hofu ya mwenye bunduki, ambayo wanahabari wa Goma na Bukavu wanaijua tangu M23 ilipoingia katika miji hiyo mwaka 2025. Kuna pia upofu wa kupenda upande wako mpaka usione maiti aliowaua. Huo unaweza kumkuta hata mwandishi aliye salama Kinshasa, anayelipwa vizuri, na asiyetishwa na mtu.

Kwa hiyo siombi vyombo vyetu vya habari visiwe na upande. Mwandishi aliyezaliwa Kivu hawezi kuangalia vita hivi kama mgeni, na sitamwamini akisema anaweza. Ninaomba jambo dogo zaidi, na gumu zaidi. Usiku wa leo, unapofungua radio yako ao gazeti lako, tafuta habari moja inayowaumiza watu wake wenyewe. Ukikosa leo, tafuta kesho. Ukikosa mwezi mzima, usijali jina lake ni zuri namna gani. Hata Ta Kung Pao lilianza na jina zuri.