Oili ya kwanza imwagwe na mwenyewe

“Usiiguse, bado ina waranti.” Maneno haya huambiwa kila anayenunua kigari kipya cha shambani. Anaambiwa na muuzaji, anaambiwa na shemeji aliyemsindikiza dukani, na akifika nyumbani anaambiwa na dereva wake mwenyewe. Husemwa kwa upole, kama ushauri wa mtu mzima, na kwa sababu hiyo hakuna anayeyahoji. Mimi nayapinga. Yanamtenga mtu na mali yake katika wiki zile ambazo mali hiyo inamhitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Nazungumzia vigari vya kazi vya magurudumu manne, vyenye kiti cha watu wawili au watatu mbele na kisanduku cha mizigo nyuma, vilivyoundwa kwa ajili ya kupita pasipo na barabara. Kawasaki walitoa Mule yao ya kwanza mwaka 1988. Leo kuna Polaris Ranger, Honda Pioneer, Can-Am Defender, Gator ya John Deere na nyingine nyingi. Kwetu Afrika Mashariki vinafanya kazi kwenye mashamba makubwa na kwenye hifadhi: vinabeba mbolea, mabomba ya maji, nguzo za uzio na askari wa doria. Ni mashine ghali. Anayeinunua huwa amejibana, na woga wake wa kuishika ninauelewa. Ninachokataa ni kwamba woga huo ugeuzwe kuwa kanuni.

Tutazame kinachotokea ndani ya chuma. Kuta za silinda ya injini mpya zimechorwa kiwandani mistari myembamba inayokatana, makusudi, ili ringi za pistoni zisuguane nazo hadi zikae sawa. Meno ya gia nayo bado yana makali ya mashine iliyoyachonga. Saa za mwanzo za kazi ndizo zinazoyalainisha makali hayo, na kinachong'oka ni unga wa chuma unaobaki ndani ya oili. Kwenye injini, filta inaukamata kwa sehemu. Kwenye gia boksi na difu, ambako mara nyingi hakuna filta, kinga pekee ni sumaku ndogo iliyo kwenye bolti ya kumwagia oili, kama ipo. Ukiifungua bolti hiyo kwenye sevisi ya kwanza utakuta ute wa kijivu umeganda kwenye sumaku, laini ukiusugua kati ya vidole. Huo ni wa kawaida. Vipande vyenye umbo, vinavyoonekana kwa macho, si vya kawaida, na ukiviona piga picha kisha mpigie wakala siku hiyo hiyo. Sasa niambieni, ni nani mwenye haki ya kuiona sumaku ile kabla ya aliyelipia mashine? Gereji ya mjini ikishaifuta kwa kitambaa na kuirudisha, habari yote iliyokuwa imeandikwa pale imepotea.

Ndiyo maana sevisi ya kwanza haifanani na zinazofuata. Polaris wanaiweka kwenye saa 25 za injini. Watengenezaji wengine wana hesabu zao, na kitabu cha mashine yako ndicho cha kufuata. Kigari kinachopiga kazi saa 5 kwa siku kinafikisha saa 25 ndani ya wiki moja ya kwanza. Mwenye shamba la kahawa Mbozi, mkoani Songwe, akiambiwa kwamba wakala peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuigusa, na wakala yuko Dar es Salaam, ana zaidi ya kilomita 800 mbele yake. Kigari hakikuundwa kukimbia barabara kuu, kwa hiyo kinatafutiwa Fuso ya kukibeba kwenda na kurudi, na gharama ya mzigo huo ni kubwa kuliko bei ya oili na filta zinazokwenda kubadilishwa. Basi anasubiri. Anasubiri mavuno yaishe, anasubiri lori la jirani lenye nafasi, anasubiri apate safari nyingine ya mjini. Saa 25 zinakuwa 60, kisha 90, na muda wote huo gia zinazunguka ndani ya unga wao wenyewe. Mtu huyu hakuwa mzembe. Alitii. Katazo lililosemwa kuwa linalinda mashine ndilo lililoichelewesha kupata huduma iliyokuwa ya lazima kuliko zote.

Wanaotisha watu kwa neno waranti wanajua kwamba wanaoisoma karatasi yake ni wachache. Tuanze na Marekani, ambako vigari hivi vina soko kubwa na ambako Polaris na John Deere wana makao yao. Huko, Sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamkataza mtengenezaji kuifunga waranti kwa sharti la kutumia vipuri au huduma ya jina fulani, isipokuwa awe anavitoa bure au amepewa ruhusa maalumu na tume ya biashara ya serikali. Mwenye mashine anaweza kumwaga oili chini ya mwembe wake, na waranti ikabaki hai. Kampuni ikitaka kukataa dai lake ni lazima ionyeshe kwamba matunzo mabovu ndiyo yaliyoleta uharibifu. Sheria hiyo ina meno: mwaka 2022 tume ilizichukulia hatua Harley-Davidson na kampuni ya majiko ya Weber kwa sababu waranti zao zilimtisha mteja anayetumia vipuri au mafundi wa nje, na zikaamriwa zimwambie wazi kwamba hafuti waranti kwa kufanya hivyo. Mwaka 2023 jimbo la Colorado lilipitisha sheria ya haki ya mkulima kutengeneza mitambo yake, na Januari 2025 tume hiyo ikaipeleka Deere mahakamani kwa kubana matengenezo ya mitambo ya kilimo. Kusini mwa bara letu, Afrika ya Kusini ilianza kutumia Julai 2021 miongozo inayompa mwenye gari nafasi ya kulipeleka kwenye gereji huru bila kupoteza waranti.

Najua sheria ya Washington haivuki bahari kuja kumlinda mnunuzi wa Mbozi. Waswahili wenzetu wanaoishi Marekani inawalinda. Sisi huku hapana. Lakini inabomoa hoja ya kiufundi kabisa. Injini ni ileile, oili ni ileile, bolti ni ileile. Kama mkulima wa Colorado anaimwaga kwa mikono yake na kampuni inaendelea kumhudumia, basi hakuna siri ya kitaalamu inayomzuia mkulima wa Songwe. Kinachomzuia ni sharti la biashara, na sharti la biashara hujadiliwa. Soma kadi ya waranti neno kwa neno kabla hujalipa. Ikiwa imeandikwa kwamba sevisi ya kwanza lazima ifanywe na wakala, lipinge sharti hilo pale mezani, pesa ikiwa bado mfukoni mwako: ama wamtume fundi shambani kwa gharama yao, ama wakuandikie ruhusa ya kuifanya mwenyewe kwa oili na filta zinazotakiwa. Ikiwa kadi inadai tu kwamba matunzo yafanyike kwa wakati na yathibitishwe, basi neno la muuzaji kwamba “ukigusa imekufa” halina msingi wowote.

Wapo watakaosema kiwanda kinajua zaidi, tukiachie kiwanda. Kiwanda kinajua mengi, hilo sibishi. Hata hivyo, Aprili 2016 Polaris iliita virudi vigari vyake vya RZR vipatavyo 133,000 kwa sababu ya hatari ya kushika moto, na mwaka 2018 ikakubali kulipa faini ya dola milioni 27.25 kwa kuchelewa kuziarifu mamlaka kuhusu kasoro za RZR na Ranger. Hizi zilikuwa kasoro za kiwandani, katika mashine zilizokuwa mpya. Ninachojifunza hapo ni kwamba upya si cheti cha usalama. Mashine mpya inastahili kukaguliwa kwa jicho kali zaidi: bomba la mafuta linapogusa chuma chenye moto, waya unapopita karibu na ekzosi, nati ambayo haikukazwa vizuri. Anayelala chini ya kigari kumwaga oili anaona hayo yote. Na ndiyo sababu ya kusajili mashine yako kwa mtengenezaji tangu siku ya kwanza, ili tangazo la kuita mashine zirudi likufikie huko uliko.

Zipo kazi ambazo ningemwachia fundi aliyesomea, na sioni aibu kuzitaja: kupima nafasi za valvu, kusoma kompyuta ya injini, kufungua nyumba ya beliti kwa mtu asiye na vifaa vyake. Kazi nyingine za sevisi ya kwanza zinafanywa na mtu makini mwenye spana sahihi na nusu siku ya utulivu. Weka kigari mahali tambarare, kiwashe hadi injini ipate joto kidogo, kizime, funga breki ya mkono, mwaga. Wosha ya bolti ya kumwagia ibadilishwe, kwa sababu hukandamizwa mara moja tu kisha haizibi tena sawasawa. Bolti ikazwe kwa toki renchi, kwa kipimo cha kitabuni. Uzi wa alumini unaharibiwa kwa urahisi na mtu mwenye nguvu na haraka.

Filta ndiyo inayotaka macho. Ile ya kopo ina raba ya duara, na ukiifungua kuukuu, raba hiyo wakati mwingine hubaki imenata kwenye injini bila kuonekana. Ukifunga mpya juu yake, raba mbili zinapandana, na ukiwasha injini oili inatoka kwa kasi hadi inaisha. Kwa hiyo pitisha kidole, hakikisha pako wazi, paka raba mpya oili safi, kaza kwa mkono. Kuhusu oili yenyewe, jina kubwa kwenye galoni halina maana kama namba na alama zake si zile za kitabu. Injini ambayo klachi yake inaogelea katika oili hiyohiyo, kama ya pikipiki nyingi, inataka oili yenye alama ya JASO MA. Oili ya gari dogo yenye kemikali za kupunguza msuguano inaweza kuifanya klachi iteleze. Difu ya mbele ya Polaris, inayoshika na kuachia yenyewe, ina oili yake maalumu, na ukiijaza oili nzito ya gia ya kawaida huenda isishike unapokwama kwenye tope. Hapo ndipo mafundi wetu wengi wa mtaani wanakosea, kwa mazoea ya difu za malori. Oili chafu, tafadhali, irudishwe kwenye galoni. Mfereji unaokwenda kisimani si mahali pake.

Kisha zunguka. Grisi kwenye nipo zote, nati za magurudumu zikazwe upya kwa kipimo, maji ya rejeta na oili ya breki vitazamwe, vichwa vya betri vikazwe. Filta ya hewa ifunguliwe hata kama kitabu hakijaitaja bado, kwa sababu anayefanya kazi nyuma ya trekta wakati wa kiangazi anavuta vumbi la wiki moja ambalo mwandishi wa kitabu hakulifikiria.

Kwenye mashamba yetu mengi anayeendesha kigari ni mwajiriwa, na mwajiriwa huyo amekatazwa kufungua chochote. Tajiri ana kitabu kabatini, dereva ana funguo, na kati yao hakuna anayejua bolti ya oili iko wapi. Siku mpira wa ekseli unapochanika kilomita 20 ndani ya pori, wote wawili wanasimama wanaangalia. Sevisi ya kwanza ndiyo nafasi ya kuwaweka watu hawa wawili chini ya mashine moja kwa nusu siku, mmoja akisoma kitabu na mwingine akishika spana. Dereva aliyeona unga ule kwenye sumaku hatakimbiza injini ikiwa baridi, wala hatahitaji kufokewa ili apime oili asubuhi.

Kumbukumbu ziandikwe. Daftari liwe na tarehe, saa za mita, aina na kiasi cha oili, namba ya filta na jina la aliyefanya kazi. Risiti zibandikwe humo. Piga picha ya mita kabla na baada, na ya sumaku kabla ya kuifuta. Siku ya kudai waranti, karatasi hizo zinamtaka wakala aeleze kasoro ya kiwandani imehusianaje na mikono yako.

Kwa mawakala nina dai moja. Kila kigari kinachouzwa kitoke dukani na filta ya ziada, wosha zake, oili ya kutosha sevisi ya kwanza, na kitabu cha matunzo kwa lugha ambayo dereva anaisoma, yaani Kiswahili. Vitu hivi viandikwe kwenye ankara, na mnunuzi asisaini hati ya mapokezi hadi avione mezani.