Aliyevuka vibaya naye ana haki



Barabara itokayo Mbarara huvuka mfereji wa Kazinga pale Katunguru, ikaenda hadi Kikorongo, ambako magari hugawanyika: mengine Kasese, mengine Bwera mpaka mpakani Mpondwe. Malori ya mizigo ya Kongo, taksi, bodaboda, wauza samaki na watoto wa madrasa, wote wamo kwenye lami moja. (Usiku ongeza na viboko.) Mtu akigongwa hapo, neno la kwanza ni: "Amejitupa mwenyewe barabarani." La pili: "Ni qadar ya Allah." Kisha dereva hutoa pesa za sanda na chakula cha matanga, karatasi ikasainiwa, watu wakatawanyika.

Sisi tunasema mambo hayajakwisha.

Qadar tunaiamini. Lakini Suratun Nisaa, aya ya 92, imeweka dia na kafara kwa aliyeua kwa kukosea, na waliouawa kwa kukosea nao walikufa kwa qadar.

Je, kama marehemu naye alikosea? Mafaqihi walilijadili hili kabla ya magari, katika mas-ala ya wapanda farasi wawili waliogongana wakafa. Imamu Shafii, ambaye wengi wetu tunafuata madhehebu yake, alisema kila upande udai nusu ya dia, kwa kuwa kila mmoja alikufa kwa kitendo chake na cha mwenzake. Wanazuoni wengine wakasema dia kamili. Hakuna aliyesema sifuri kwa sababu tu wote wawili walikosea. Mwaka 1993, Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Brunei, lilikubali kwamba katika ajali za barabarani kosa linaweza kuwa la pande mbili, na kila upande ubebe lake.

Sheria ya Uganda iko karibu na hapo. Zamani katika sheria ya Kiingereza aliyechangia kosa alikosa vyote. Uingereza ikaliacha hilo mwaka 1945, na Uganda nayo ina kanuni ya kugawa lawama. Tuchukulie hasara ni shilingi milioni 20 na mtembea kwa miguu ana lawama ya asilimia 40. Familia hupata milioni 12. Kwa hiyo shahidi hana haja ya kuficha kwamba marehemu alikimbia. Ukweli hupunguza dai, hauliui. Na mtoto mdogo hapimwi kwa akili ya mtu mzima, kama ambavyo dini haikumkalifisha.

Linalotuuma zaidi ni ile karatasi ya msibani. Ami husimama mbele ya watu akasema, "Tumesamehe." Kasamehe cha nani? Mrithi mtu mzima anaweza kusamehe fungu lake. Fungu la yatima si la ami wala la sheikh.

Tusitegemee stika ya bima pekee: sheria ya bima ya mwaka 1989 iliweka kikomo cha shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hudaiwa kwa dereva na mwenye gari, na ripoti ya polisi ndiyo mwanzo wake. Dai la kuumia lina miaka 3 kufika mahakamani. Gari likiwa la serikali, miaka ni 2 tu, na eda pamoja na matanga zinahesabiwa humo humo.

Wabillahi tawfiq.