Udongo wetu umeishia ziwani: barua ya wazi kwa mkuu aliyeamuru nyua zikatwe

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa leo heshima hiyo inanitoka kwa shida. Siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya lazima, watu uliowatuma walipita kando ya barabara inayoteremka Kyavinyonge wakafyeka ua wote wa minyaa wa shamba letu. Amri ilisema ni kichaka cha kuficha wahalifu. Marehemu baba aliupanda kijiti kwa kijiti, akiukingamisha mteremko. Mapanga yalipouingia, utomvu mweupe uliruka hadi wakataji wakageuza nyuso, maana wanajua unavyochoma macho.

Mvua ikanyesha, udongo ukaondoka. Ua ule ulikuwa ukivunja mbio za maji. Matope yalikwama kwenye mashina, na kwa miaka mingi upande wa juu ukajaa, ukawa tambarare ya kustawisha maharagi. Sasa maji yamechimba korongo katikati na mihogo imesimama mizizi nje. Udongo huo hauko kwa jirani nikauombe. Umeshuka Ziwa Edward, umetanda kwenye matete ya ufukweni ambako samaki huzaliana. Mvuvi asiye na hata tuta moja naye ameguswa.

Unajua tulivyobanwa: mbele ziwa, kandokando Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa 1925. Udongo ukishuka, hatuna pa kuhamia.

Kuni, kivuli cha mbuzi, alama ya mpaka na jirani, vyote vimekwenda. Bado nasema hasara kubwa ni udongo.

Enzi za Wabelgiji, wakulima wa milima ya Kivu walishurutishwa kuchimba mitaro na kupanda majani kukinga mmomonyoko. Shuruti hiyo iliwachukiza watu, na baada ya uhuru wa 1960 wengi waliiacha kazi hiyo. Baba hakusukumwa na mtu. Alipanda kwa sababu aliona udongo unashuka. Serikali iliyopaswa kumshukuru imemletea mapanga.

Usalama tunautaka kuliko wewe, maana sisi ndio tunaolala tukisikiliza risasi. Lakini ua hupunguzwa ukafika kiunoni, askari akaona ng'ambo, na mizizi ikabaki kazini. Hakuna aliyetuuliza. Ndiyo desturi yenu: mnatujia kwa ushuru na kwa amri, kusikiliza hapana. 

Futa amri hiyo kwa mashamba yote ya mteremko. Wape waliopoteza mavuno fidia. Leta watu walewale, safari hii na vijiti vya minyaa. Huchomekwa tu ardhini vikashika. Wapande kwa kukingama mteremko, wenye mashamba wakiwaelekeza, kabla mvua za Septemba hazijaanza. Zikitukuta hivi, udongo uliobaki nao utashuka.

Mkulima wa Kyavinyonge