Basi lipande na mama



Juma lililopita tulikuwa tunatoka soko la Kadutu jioni. Mwenzetu mmoja, mtoto mgongoni na kitunga cha unga mkononi, alitaka kupanda basi. Mlango ulikuwa juu sana, na konvoyeri anapiga bati: « Haraka mama, haraka! » Mguu ukateleza. Mtoto hakuumia, Mungu asifiwe, lakini goti la mama lilichubuka na unga wote ukabaki katika matope. Tangu siku ile anapanda pikipiki tu, na pesa ya mboga inaishia njiani.

Je, basi lazima liwe hivyo? Hapana. Kinshasa, watu waliziita zile Mercedes 207 za zamani « esprit de mort », roho ya kifo. Zilikuwa gari za kubeba mizigo. Wakatoboa madirisha, wakaweka mabenchi ya mbao, basi. Hakuna aliyemfikiria mama.

Huko Brazil, katika mji wa Curitiba, walimfikiria. Meya wao, Jaime Lerner, alikuwa mchoraji wa majengo. Mwaka 1974 basi zilianza kupewa njia yao peke yao. Mwaka 1991 wakajenga vituo vya vioo, vya mviringo kama bomba kubwa. Unalipa ukiingia kituoni, unangoja bila kunyeshewa, na sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi. Unaingia kama unavyoingia chumbani kwako, hata mwenye kiti cha magurudumu. Dar es Salaam nao wanapanda hivyo katika mwendokasi tangu 2016, ingawa wanalalamika kwamba basi hazitoshi. Kituo kizuri bila basi za kutosha hakimalizi shida.

Basi moja lililojaa linabeba watu wa pikipiki makumi. Moshi unapungua, na watoto wetu ndio wanaovuta moshi huo. Lakini hakuna mama atakayeacha pikipiki kwa sababu ya hotuba. Ataiacha basi likimpokea vizuri.

Bukavu yetu ina milima na barabara nyembamba. Hatuombi vituo vya vioo. Tunaomba mambo matatu yasiyo na gharama kubwa: ngazi ya chini ya chuma kwenye kila mlango, paa na benchi kwenye parkingi, pamoja na taa ya jioni, na kibao chenye herufi kubwa kinachoonyesha basi linakwenda wapi na bei ni franka ngapi, ili mtu asitudanganye usiku.

Jumamosi, kwenye mkutano, tutaandika barua kwa meya na kwa ushirika wa mashoferi. Kila kundi lituletee jina la parkingi moja inayowatesa wamama zaidi. Na mwenzetu wa goti ndiye atakayetia sahihi ya kwanza.

Tuonane juma lijalo.